Mwanangu ananiuliza kwa nini sipokei Komunyo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam, kwetu ni Rombo. Ndoa nilifunga kanisani. Mwaka 2020 nilifiwa na mama, na viongozi wa jumuiya yetu ya mtaani wakakataa kuja kusali kwa kuwa nilikuwa nyuma kwenye zaka na michango. Tangu hapo sijaungama wala kukomunika. Nafika kanisani mkesha wa Krismasi tu, tena nasimama nje. Sasa mwanangu yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na ameniuliza kwa nini mimi sipokei. Majilio yanakaribia na natamani kurudi, ila nikijaribu kusali naona nasema na ukuta. Nianzie wapi? – Baba K.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Pole hii ulistahili kuipata mwaka ule ule. Waliokunyima sala walikosea. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inamtaka mhudumu ahakikishe mhitaji hakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake, sembuse sala ya msiba! Hasira yako ina msingi. Ila aliyekukosea ni mwenyekiti wa jumuiya, na uliyemnunia ni Mungu. Hizo ni kesi mbili. Usiisubirishe moja mpaka nyingine iishe.

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, kwa hiyo huwa ya siku 22 hadi 28 kulingana na mwaka. Zako wewe ni pungufu, maana Mchaga gani bado yuko Dar Desemba 22? Ukishapanda basi kuna vikao vya ukoo, kuna nyama, kuna mbege, ile pombe ya ndizi, na nia njema zote zinaishia kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Kazi nzito imalize katika wiki mbili za kwanza.

Anza na sala, na ianze ndogo. Wanaorudi baada ya miaka hujipangia rozari nzima kila usiku na saa nzima ya Biblia, na siku ya nne wamechoka, wanajiona wameshindwa. Wewe chukua dakika kumi asubuhi, kabla hujagusa simu. Wiki ya kwanza soma Zaburi ya 13 kila siku. Ina aya sita tu, na inaanza kwa malalamiko makali: hata lini, Ee Bwana, utanisahau? Nimekuchagulia hiyo makusudi. Mtu mwenye kinyongo akilazimisha sala za shukrani lazima aone anasema na ukuta, kwa sababu hasemi kilichomo moyoni. Mlalamikie Mungu kwanza. Biblia yenyewe imekupa maneno. Kisha soma somo la kwanza la Misa ya siku hiyo, ambalo wiki hiyo hutoka zaidi kwa nabii Isaya. Usipohisi chochote, funga Biblia dakika zikiisha, uende kazini. Kesho rudia.

Wiki ya pili Injili ya Jumapili inamleta Yohane Mbatizaji, na hapo ndipo pa kuungama. Usingoje tarehe 23 au 24: foleni ni ndefu, padre amechoka, na mwenye ungamo la miaka mingi anahitaji utulivu. Piga simu ofisi ya parokia uulize ratiba ya kitubio. Parokia nyingi hupanga siku maalumu ya Majilio yenye mapadre kadhaa, na ukiona haya kwa paroko wako, nenda parokia nyingine, inaruhusiwa kabisa. Siri ya maungamo haina mwanya: padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo.

Usiku wa kabla yake kaa na kalamu upitie Amri Kumi. Dhambi nzito hutajwa aina yake na idadi yake kadiri unavyokumbuka, na Misa za Jumapili ulizoacha kwa hiari yako zimo. Ukifika, sema: "Padre, sijaungama tangu 2020, nimesahau utaratibu, naomba unisaidie." Atakuongoza. Kosa kubwa la watu wenye kisa kama chako ni kuungama dhambi za mwenyekiti. Dakika tano zote ni za alichosema na alichofanya yeye. Wewe taja chuki yako, basi. Ukisahau dhambi bila kukusudia, imesamehewa pamoja na nyingine. Itaje utakapoungama tena. Malipizi, yaani sala au tendo atakalokupa padre, yafanye siku hiyo hiyo kabla hujayasahau. Baada ya hapo unaweza kukomunika kwenye Misa inayofuata, ukifunga kwa muda wa saa nzima kabla ya kupokea; maji na dawa haviharibu mfungo huo.

Sasa mwenyekiti. Usimkabili mbele ya jumuiya, mtagombana mbele ya majirani. Mfuate nyumbani jioni, na mkeo awepo. Mwambie ilivyokuuma, mara moja, bila kuhesabu mengine ya zamani. Akiomba radhi, vizuri. Akijitetea, aga uondoke. Kusamehe ni uamuzi wako peke yako. Kupatana kunahitaji wawili, na hilo la pili huwezi kulilazimisha. Kuhusu zaka, anza na mwezi huu kwa kiasi unachokiweza, na malimbikizo kayazungumze na paroko. Usikope ili usafishe kadi ya zaka.

Nyumbani tengenezeni taji la Majilio. Lilianzia Hamburg mwaka 1839 kwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, na Wakatoliki tukaliazima bila kinyongo. Matawi ya mvinje yanatosha Dar, na mishumaa minne, hata myeupe yenye utepe wa zambarau. Wa Jumapili ya tatu, ile ya furaha, uwe na utepe wa waridi. Mshumaa wa kwanza ndio utakaowaka wiki zote, kwa hiyo uwe mrefu kuliko mingine, na zimeni kila mnapomaliza sala. Mwanao awe ndiye anayewasha, ukiwa pembeni yake.

Kuanzia Desemba 17 hadi 23 Kanisa lina antifona saba za jioni, yaani sala fupi za kuimbwa, moja kila siku, zinazomwita Kristo kwa majina yaliyotoka kwa manabii: Ee Hekima, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, mpaka Ee Emanueli. Ziandike kwenye karatasi uende nazo Rombo. Ni sala ya dakika mbili, inasaliwa hata kabla ya kibuyu cha mbege hakijaletwa.

Mtoto mjibu leo, usingoje uwe umeshaungama. Mwambie: "Nilikasirika nikaacha kuungama. Majilio haya nakwenda." Usimtaje mwenyekiti, maana bado atakutana naye kanisani. Na mkirudi Dar Januari, sala ya jumuiya ya Jumamosi ya kwanza usiikose, hata kama umeshuka kwenye basi usiku wa kuamkia siku hiyo. Wengi wanaorudi Krismasi hupotelea hapo.