Jenereta ya ziada ya jeshi: kibali cha kuitoa na umeme itakaokupa

Swali: Nimeona kwenye mnada wa mali za ziada za jeshi la Marekani jenereta ya dizeli ya kilowati 10, aina ya MEP-803A, iliyofungwa juu ya trela. Bei yake ni nafuu sana ikilinganishwa na jenereta mpya ya kiraia yenye uwezo huo. Nataka kuiingiza nchini kwangu, ambako umeme ni wa volti 230 na Hz 50, ili iendeshe pampu ya maji na taa za karakana. Je, forodha wanaweza kuizuia kwa sababu ni mali ya jeshi? Na nikishaipata, itanifaa?

Jibu: Ndugu msomaji, wanunuzi wengi huihofia forodha ya nchi yao, ilhali kikwazo kikubwa zaidi huwa katika nchi mzigo unakotoka. Mkataba wa Wassenaar, unaoongoza udhibiti wa biashara ya silaha na vifaa vya kijeshi katika nchi 42, unataja waziwazi kwenye orodha yake ya kijeshi jenereta za uwanjani zilizobuniwa au kurekebishwa maalumu kwa matumizi ya jeshi. Kwa hiyo usidhani kwamba mtambo usio na bunduki wala risasi uko huru kuvuka mpaka. Nchini Marekani vifaa vyenye asili ya kijeshi husimamiwa na taratibu mbili za udhibiti wa kusafirisha nje, yaani ITAR iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na EAR iliyo chini ya Wizara ya Biashara. Jenereta kwa kawaida huangukia EAR, lakini namna inavyoainishwa ndani ya kanuni hizo, pamoja na nchi inakokwenda na mtu atakayeitumia, ndiyo huamua kama leseni itahitajika. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui ni kwamba masharti hayo huambatana na mtambo hata baada ya kuondoka Marekani, hivyo ukitaka baadaye kuuza jenereta hiyo kwa mtu wa nchi ya tatu, huenda ukalazimika kuomba ruhusa upya.

Kabla ya kutaja bei mnadani, mwombe muuzaji picha ya kibati cha utambulisho inayosomeka vizuri. Kibati hicho huonyesha aina ya mtambo, nambari ya mfululizo, volti, masafa ya umeme, na nambari ya ghala ya NATO yenye tarakimu 13, ambayo kwa jenereta huanza na 6115. Kwa nambari hiyo muuzaji ataweza kukueleza msimbo wa demil uliopewa kifaa hicho, yaani herufi inayoonyesha kama kifaa kinapaswa kuondolewa uwezo wa kijeshi kabla ya kuuzwa. Msimbo A maana yake ni kwamba hakuna sehemu inayopaswa kuharibiwa kabla ya kuuzwa, na msimbo Q huashiria kuwa kifaa kina udhibiti wa kibiashara, kwa hiyo mnunuzi huenda akatakiwa kujaza hati ya matumizi ya mwisho, akieleza yeye ni nani, mtambo utafungwa wapi na utafanya kazi gani. Ijaze kwa ukweli mtupu, na usimruhusu dalali aweke jina lake badala ya lako ili mambo yaende haraka. Vilevile pata jibu la leseni kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa sababu minada mingi humtaka mshindi aondoe mzigo katika muda mfupi, na gharama ya kuuhifadhi wakati kibali kinasubiriwa inaweza kuimeza nafuu yote uliyoitarajia.

Kwa upande wa ushuru mambo ni mepesi zaidi. Jenereta ya dizeli isiyozidi kVA 75 (kipimo cha uwezo wa jumla wa jenereta) huainishwa kwenye kifungu cha 8502.11 cha HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa ajili ya forodha, iwe ya jeshi au ya kiraia, mpya au iliyotumika, na ya kilowati 10 kwa kipengele cha nguvu (uwiano wa kilowati kwa kVA) cha 0.8 ni kVA 12.5 tu. Ankara ionyeshe bei ya mnada pamoja na ada ya mnada, kwani ada hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya bei uliyolipa. Trela nayo ni suala la mamlaka ya usajili wa magari. Ulizia kama muuzaji atatoa fomu SF 97, ambayo serikali ya Marekani huitumia kuthibitisha kwamba imeachia chombo cha barabarani, na ujue kwamba taa za trela za jeshi hutumia volti 24, hivyo hazitawaka vyema zikiunganishwa na gari lako la volti 12. Ikiwa hukusudii kuivuta barabarani, shusha jenereta na uiache trela huko huko.

Mzigo wenyewe uandaliwe kwa uangalifu. Mafuta yamwagwe na tangi likaushwe, betri zifunguliwe nyaya au zisiletwe kabisa, na udongo wote uoshwe kwa maji ya shinikizo, hasa chini ya fremu na ndani ya mapezi ya rejeta, kwa kuwa maofisa wa karantini ya mimea wanaweza kurudisha mzigo kwa sababu ya tope lililokauka mahali ambapo hukupachungulia. Mbao za kufungia ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za vifungashio dhidi ya wadudu. Kwa mitambo ya vizazi vya zamani, chunguza pia asbesto kwenye gasketi na vizuia joto vya bomba la moshi. Australia, kwa mfano, imepiga marufuku kuingiza bidhaa zenye asbesto tangu 31 Desemba 2003, na haijali kiasi chake ni kidogo namna gani. Jambo jingine ni moshi: injini za jeshi la Marekani zinaweza kusamehewa viwango vya kiraia kwa sababu za usalama wa taifa, na msamaha huo haumfuati mnunuzi wa kiraia. Nchi yako ikidai kibati cha viwango vya moshi, injini isiyo nacho inaweza kukataliwa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. MEP-803A ni mtambo wa Hz 60 pekee, unaozunguka mara 1,800 kwa dakika, na umeme wake wa volti 240 hupatikana kati ya nyaya mbili zenye moto, kila moja ikiwa na volti 120 dhidi ya waya wa kati. Karakana yako imejengwa kwa mfumo wa waya mmoja wa moto na mmoja wa kati, kwa hiyo swichi inayokata waya mmoja tu itaacha mwingine ukiwa na umeme hata taa ikiwa imezimwa.

Pampu ndiyo itakayoumia kwanza. Mota ya Hz 50 ikipewa Hz 60 huzunguka kwa kasi iliyoongezeka asilimia 20, na kwa kuwa nguvu inayohitajiwa na pampu ya msukumo wa mzunguko hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, mzigo huongezeka kwa takriban asilimia 73. Mota itapata joto na kuungua. Mafundi wengine watakushauri upunguze kasi ya injini hadi mizunguko 1,500 ili upate Hz 50. Hesabu yake ni hii: volti 240 kwa Hz 60 ni uwiano wa 4.0, na volti 230 kwa Hz 50 ni 4.6, maana yake chuma cha alternata, yaani sehemu inayozalisha umeme, kitabebeshwa usumaku uliozidi kwa asilimia 15, kitashiba hadi kisiweze kubeba zaidi, na koili zitachemka. Ukitaka kuulinda mtambo utalazimika kushusha volti hadi 200, na uwezo wake utapungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Mimi singekubali kuifanyia MEP-803A ukarabati huo.

Badala yake tafuta MEP-804A ya kilowati 15, ambayo imetengenezwa kwa Hz 50 na Hz 60, na ina muunganisho wa volti 240/416 (240 kati ya waya wa moto na wa kati, 416 kati ya nyaya mbili za moto) unaoweza kurekebishwa hadi 230/400. Soma kibati kwa makini, kwani dada yake MEP-814A hufanana nayo kwa umbo lakini hutoa Hz 400, masafa yanayotumiwa na vifaa vya ndege na rada, na hayafai kwa pampu wala taa zako. Omba mtambo uwashwe na kupewa mzigo kwa saa moja, kisha utumiwe picha za mita ya volti, ya masafa na ya shinikizo la oili ya injini zikiwa zinasoma. Fundi wako asiikwangue rangi ya kijani wala kuichomelea bila kinga ya kupumulia inayofaa, kwa sababu rangi ya jeshi inayohimili kemikali hutoa mvuke wa isosianati ikipata joto, na rangi ya msingi iliyo chini yake mara nyingi ina kromati yenye sumu.