Nizime kinga ya virusi ili niwekewe Office?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Nimenunua kompyuta mpakato iliyotumika, yenye Windows 11, ili nitunzie hesabu za wanachama. Fundi wa mtaani kwetu yuko tayari kuniwekea Microsoft Office kutoka kwenye flashi yake kwa bei nafuu, ila anasema ni lazima kwanza kinga ya virusi izimwe, kwa sababu inaizuia programu ya kufungulia leseni. Je, nikubali? Uwezo wa kununua leseni sina.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali. Programu hizo za kughushi leseni, ambazo KMSPico ni mojawapo ya zinazojulikana sana, huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta, na kinga unayoambiwa uizime ndiyo ambayo ingekueleza kilichofichwa ndani yake. Virusi vya STOP, ambavyo hufunga faili zote na kumdai mwenyewe malipo ili azifungue, vimesambaa kwa wingi kupitia programu za wizi za namna hii. Kwako wewe zitakazofungwa ni akiba na mikopo ya watu waliokuamini.

Kwa kuwa kompyuta imepitia mikono ya mtu mwingine, anza kwa kuirudisha katika hali ya mwanzo kupitia «Reset this PC», ukichagua kufuta kila kitu, baada ya kuhamisha faili zozote unazozihitaji.

Kisha tumia LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali, hata kwa kazi za chama. Inatolewa na The Document Foundation tangu mwaka 2010, inafungua faili za Word na Excel, na miongoni mwa kamusi zake za kukagua tahajia imo ya Kiswahili. Andika mwenyewe anwani libreoffice.org juu ya kivinjari badala ya kubofya tangazo linalotangulia kwenye majibu ya utafutaji, kwa maana matangazo ya aina hiyo yamekwisha kutumiwa kuwapeleka watu kwenye tovuti bandia. Faili lina zaidi ya MB 300, kwa hiyo angalia bando lako kabla ya kuanza kupakua.

Likishuka, usilifungue papo hapo. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua «Properties», kisha «Digital Signatures», na usome jina la aliyetia saini, ambalo halina budi kuwa The Document Foundation. Unapoanza kusakinisha, Windows itatia giza skrini na kukuomba ruhusa, ikitaja tena jina la mtoaji. Ukiona «Unknown», bonyeza «No» na ulifute faili hilo. Watu wengi hubonyeza «Yes» bila kusoma, ilhali hapo ndipo mahali pa kutulia kuliko pengine pote. Kinga ya virusi ibaki imewashwa muda wote, kwa sababu programu halali haihitaji izimwe. Fundi wako anaweza kuifanya kazi hii mbele yako, nawe ukamlipa ujira wake wa haki.

Zipo kasoro ambazo ni vyema uzijue mapema. Majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake ili zifanye kazi zenyewe, huenda yasifanye kazi ipasavyo, na mpangilio wa barua yenye michoro mingi unaweza kuhama kidogo, hivyo nyaraka za kuchapishwa kwenye steshenari zipeleke zikiwa PDF. Pale utakapohitaji Word yenyewe, Microsoft inaruhusu kuitumia bure ndani ya kivinjari kwa mwenye akaunti yake, mradi intaneti iwepo.

Masasisho yatafute ndani ya LibreOffice yenyewe, kwenye menyu ya «Help», au kwenye tovuti ile ile. Dirisha linalochomoza ukiwa unasoma kurasa za intaneti na kukuhimiza usasishe programu, lifunge bila kubofya chochote ndani yake.