Wasomaji Wanauliza: Bidoni ngapi za maji, kilo ngapi za maharage?

Barua za safari hii zimetoka Goma karibu zote, na moja Bukavu, miji ya mashariki mwa Kongo. Tumetanguliza maji kwa sababu Goma ndiyo yanayokatika kwanza. Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliharibu tangi na mabomba. Mwisho wa Januari 2025 umeme ulikatika, bomba zikakauka kwa siku kadhaa, na watu wakateremka ziwani na bidoni zao, yaani madumu ya maji.

Nyumbani tuko watu sita, wawili ni watoto wadogo. Tunakula kwa kazi ya kila siku, mshahara hakuna. Tuweke bidoni ngapi, na maji yakae muda gani kabla hayajaharibika? – Mama wa Katindo

Mama, chukua lita 3 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita ni lita 18, kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 inamaliza siku moja na kubakiza kidogo cha kunawa mikono. Wiki moja ni bidoni saba. Kuoga na kufua hakumo humo. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa mahitaji yote, na kwa nyumba yako hizo ni lita 90 kwa siku. Usijaribu kuziweka, hutapata hata pa kulala. Weka saba za maji safi, kisha mbili au tatu za maji yoyote ya choo na sakafu.

Saba hazinunuliwi siku moja. Anza na tatu, halafu ongeza moja kila unapopata nafasi. Bidoni za manjano zilizobeba mafuta ya kupikia zinafaa. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko unuse: ukisikia mazuti (dizeli), petroli, rangi au dawa ya shamba, iache hata ukipunguziwa bei nusu, maana plastiki imeshanyonya na sabuni haitoi. Mfuniko wenyewe uwe wa kuzungusha na ufunge barabara. Bidoni iliyozibwa kwa kipande cha sashe (mfuko wa plastiki) ni ya kuchotea tu, haifai kwa akiba.

Osha kwa maji moto na sabuni, tia kokoto ndogo utikise ili zikwangue mafuta yaliyoganda pembeni, kisha suuza. Changanya lita 1 ya maji na kijiko kimoja cha chai cha javeli (dawa ya maji ya klorini), mimina ndani, tikisa yafike kila kona, subiri nusu dakika, mwaga, suuza tena. Hapo ndipo ujaze.

Katika kutia dawa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu javeli za sokoni hazilingani nguvu. Soma karatasi ya chupa. Yenye asilimia 5: matone 2 kwa lita, au mililita 2 kwa bidoni nzima ya lita 20. Yenye asilimia 2.6, ambayo chupa nyingine huiandika digrii 9: mililita 4 kwa bidoni. Nunua bomba la sindano farmasi, tupa ncha, na ulitumie kwa kazi hiyo peke yake. Kupima kwa kifuniko cha chupa ni kubahatisha. Funga, tikisa, ngoja dakika 30. Ukifungua, maji yanuke klorini kwa mbali. Yasiponuka, rudia kipimo kilekile na ungoje dakika 15 nyingine. Bado hayanuki? Basi javeli imekufa au maji ni machafu mno. Tafuta maji mengine.

Maji yenye tope yaache usiku kucha yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha tia dawa mara mbili ya kipimo. Tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Ukipata vidonge vya Aquatabs, cha miligramu 67 ni kimoja kwa lita 20, lakini viko pia vidogo vya chupa ya lita moja, navyo vinafanana kwa macho.

Javeli yenye manukato au iliyochanganywa na sabuni ni ya choo. Hata ile nzuri hupoteza nguvu, hasa ikianikwa juani mezani kwa muuzaji, kwa hiyo nunua chupa ndogo kutoka ndani ya duka, andika tarehe juu yake, na ikipita miezi 6 ipeleke kwenye sakafu.

Bidoni zikae gizani, juu ya ubao, mbali na mafuta ya taa na mazuti, kwa sababu mvuke wake hupenya plastiki. Mwanga huotesha ukijani ndani. Miezi 6 ndiyo mwisho wa maji hayo. Sisi tunashauri yabadilishwe kila miezi 3: yafulie nguo, kisha jaza upya. Siku ya kuyatumia, yamimine au weka robine (koki) ndogo. Kikombe kinachozamishwa huingiza mkono, na mkono ndio huingiza kipindupindu kwenye maji uliyoyasafisha vizuri.

Mimi nina mabati mapya na mtaro mzuri. Kwa nini ninunue maji ya chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) wakati mvua ni ya bure? – Papa wa Ndosho

Papa, mvua ya Goma hupita kwanza kwenye moshi wa mlima. Moshi wa Nyiragongo hubeba asidi na floraidi, na upepo ukielekea kwenu vyote hivyo huishia kwenye mabati. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita na mtoto akaendelea kunywa kwa miaka, meno yake huota na madoa ya kahawia, na kwa kiasi kikubwa zaidi mifupa nayo hudhurika. Javeli haiiondoi. Kuchemsha kunaizidisha, maana maji yanapungua nayo inabaki.

Hata hivyo usiimwage. Floraidi hudhuru kwa miaka, kipindupindu huua kwa saa. Bomba likikauka wiki moja na kilichopo ni mvua hiyo au maji ya ziwa yasiyo na dawa, tia javeli kwenye mvua unywe. Wiki nyingine zote iwe ya kufulia. Kila mvua inapoanza, acha dakika 10 hadi 15 za mwanzo ziteremke chini zioshe majivu na kinyesi cha ndege, ndipo usogeze bidoni. Siku za majivu mengi, ondoa kabisa mtaro kwenye tangi.

Chakula cha wiki moja ni kilo ngapi hasa? Kila mtu ananiambia "weka kidogo kidogo" bila namba. – Mwalimu, Himbi

Namba hizi hapa, Mwalimu. Mtu mzima mmoja kwa siku: unga gramu 400, maharage gramu 120, mafuta gramu 30, chumvi gramu 5. Hiyo inakaribia kalori 2,100. Watu sita kwa siku saba wanahitaji unga kilo 17, maharage kilo 5, mafuta lita 1 na nusu, chumvi robo kilo. Watoto hula pungufu, kwa hiyo kitabaki kidogo cha mgeni, na wakati wa shida mgeni hakosekani. Ongeza sukari kilo moja, sambaza au ndagala (samaki wadogo) waliokaushwa sawasawa, na sosoma (unga wa mchanganyiko) ya uji kwa wadogo.

Usinunue vyakula vya makopo usivyovizoea. Akiba ni chakula chako cha kawaida, kimezidi tu. Ukienda sokoni kwa kilo mbili za unga, leta tatu, ile ya tatu iingie akiba. Kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kitoke mbele. Ikifika zamu yako ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa), nunua maharage kwa wingi baada ya mavuno, Januari au Juni na Julai, yakiwa yameshuka bei.

Unga wa mahindi uliosagwa na kiini chake huchacha kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sababu ya mafuta ya kiini. Uliokobolewa hukaa zaidi. Ukipenda muhogo, weka vipande vikavu na usage wa wiki moja moja: unga hunyonya unyevu wa msimu wa mvua, kipande kinachovunjika kwa mlio hakinyonyi haraka. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa. Sumu yake haitoki kwa kupika, na kupepeta hakusaidii.

Adui wa maharage ni mdudu mtoboa punje. Huja nayo kutoka shambani, kwa hiyo kufunga mfuko tu hakutoshi. Yaanike juani juu ya karatasi nyeusi ya plastiki siku nzima yenye jua kali, yaache yapoe, kisha yajaze kwenye bidoni kavu kabisa ya lita 5 mpaka shingoni. Gonga gonga yashuke, ongeza, funga kwa nguvu, usifungue kwa wiki sita. Wadudu waliobaki humaliza hewa iliyomo na kufa. Bidoni ikiwa nusu, hewa inatosha na watazaana. Ikiwa na unyevu utavuna ukungu. Vile vidonge vya kuulia wadudu ghalani, vinavyotoa gesi, visiingie kabisa katika nyumba ya kulala. Gesi yake huua watu usingizini.

Maharage ninayo, makala (mkaa) ndiyo shida. Gunia likipanda bei tunakula nini? – Mama wa Kadutu, Bukavu

Swali hili lilipaswa kuja na barua zote, Mama. Tumeona nyumba zenye kilo kumi za maharage na makala ya siku moja.

Loweka maharage jioni, asubuhi mwaga maji hayo. Yachemshe kwa nguvu nusu saa, sufuria imefunikwa. Kisha iondoe kwenye mbabula (jiko la makala) ikiwa bado inatokota, uiweke ndani ya kikapu ulichotandika blanketi au nguo kuukuu pande zote na chini, funika juu kwa mto, usifungue kwa saa nne. Joto lililomo litaendelea kuyaivisha. Kabla ya kula, chemsha tena dakika chache. Ile nusu saa ya kutokota usiifupishe: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli tu, na yakipata vuguvugu peke yake hutapisha kuliko mabichi. Maji ya kunywa hayahitaji makala mengi kama watu wanavyodhani. Yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha kwa urefu wa Goma na Bukavu. Dakika 3 ni za milimani kupita mita 2,000.

Makala yakiisha kabisa, zipo chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zisizozidi lita 2. Zijaze maji maangavu, zilaze juu ya bati, saa 6 za jua. Mawingu yakitawala, siku mbili nzima.

Na risasi zikilia watu wakajifungia, mbabula isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya makala haina harufu. Hizo ndizo siku za karanga, biskuti na sambaza, ndiyo maana ziwepo.

Wakati wa vita muhogo tunauloweka siku moja tu kwa haraka. Ni kweli unapoozesha miguu? – Msomaji, Kyeshero

Ni kweli. Ugonjwa huo unaitwa konzo, hutokana na muhogo mchungu usiotolewa sumu, hasa ukiliwa wiki nyingi bila maharage wala samaki. Loweka siku tatu au zaidi. Kama unga umeshasagwa na hujui ulivyolowekwa, uchanganye na maji, utandaze safu nyembamba ya sentimita moja kwenye sinia, uache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5, kisha usonge bugali siku hiyohiyo.

Mlima ukitoka moto tena tutakimbia. Hayo mabidoni yote yatanisaidia nini? – Kijana wa Majengo

Kwa kukimbia hayatakusaidia. Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Tarehe 27 Mei 2021 makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengi kwa miguu, kuelekea Sake, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Mfuko wa mlangoni ni kitu kingine na akiba ni kitu kingine. Kila mtu mzima abebe chupa mbili za lita 1.5. Ndani ya mfuko mweke vidonge vya dawa ya maji, bomba la sindano na kichupa cha javeli kilichofungwa ndani ya sashe mbili, karanga za kukaanga na biskuti za siku mbili, kikombe, sabuni, kitambaa cha kuchujia, na faranga za noti ndogondogo, kwa sababu njiani hakuna anayerudisha chenji ya dola.

Ongeza sukari na chumvi. Mtu akianza kuharisha njiani, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, anywe kidogo kidogo bila kuacha huku mkimtafutia kituo cha afya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, msingoje asubuhi.