Namba ya simu kwenye tovuti ya duka: ndani ya bango au maandishi?
Maandishi. Namba iliyo ndani ya picha mteja hawezi kuigusa akapiga; itabidi aikariri, atoke, aiandike upya, na wengi huishia hapo. Nilimtengenezea mama mmoja wa mitumba soko la Gikomba, Nairobi, tovuti. Bango lake maridadi kweli, lakini kwenye simu namba ilionekana kama sisimizi. Tukaiandika chini ya jina la duka, kwa kiungo cha tel: (ukikigusa, simu inafungua namba tayari kupiga), namba ikianza na +254, msimbo wa Kenya. Cha WhatsApp ni tofauti kidogo: wa.me/254 kisha namba bila sifuri ya mwanzo, na alama ya kujumlisha usiweke. Namba ya tili, ile ya kulipia dukani kwa simu, pia iwe maandishi, mtu ainakili. Bango unaweza kuliacha, ila lipunguze uzito, data si ya bure.