Maji yatoke kama hariri: mawingu, si jua la mchana

Ukitaka picha ya maporomoko yenye maji laini kama hariri, nenda siku ya mawingu, ndugu. Kwenye jua kali, hata ukifunga lenzi hadi f/16 (tundu dogo la kupitisha mwanga) na ISO 100 (kamera isiwe nyepesi kunasa mwanga), mwanga sahihi unadai shata, yaani muda kamera inaobaki wazi, ya kama 1/100 ya sekunde, na kwa kasi hiyo maporomoko yanatoka matone matone, hayatiririki. Chini ya miti, kukiwa na mawingu, mipangilio hiyo hiyo inakupa karibu nusu sekunde. Mimi huanzia robo ya sekunde. Ukirefusha muda huo sana, mistari ya maji inapotea na unabaki na shuka jeupe. Tena jua korongoni hupenya vipande vipande: povu linaungua, yaani linatoka jeupe tupu, mawe ya pembeni yanakuwa meusi tii, na povu lililoungua hakuna uhariri unaolirudisha.

Tripodi, stendi ya miguu mitatu ya kamera, ni lazima. Filta ya polaraiza nayo inasaidia mno: inabakiza kati ya robo na theluthi ya mwanga, hivyo shata inakaa wazi zaidi, na inaondoa mng'ao kwenye mawe na majani yaliyolowa, kijani kinakolea. Izungushe polepole huku umekazia macho jiwe moja lenye maji, utaona weupe ukiyeyuka. Na futa lenzi mara kwa mara, manyunyu hujionyesha ukishafika nyumbani.

Ila wingu zito upande mto unakotoka ni habari nyingine. Maji ya korongoni hupanda ghafla hata kama ulipo hakujadondoka tone. Ukiyaona yanageuka tope, acha picha, panda juu.