Kulehemu vepu: mahali pa kutia joto na mahali pa kulizuia

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni kitu cha kushika kiganjani, lakini umeme unaopita ndani yake si wa kitoto. Koili, ule waya unaopasha majimaji yawe mvuke, ikiwa ya omu 0.5 na kupewa betri iliyojaa, volti 4.2, inavuta ampia 8.4. Ukishuka hadi koili ya omu 0.2, mkondo unafika ampia 21, karibu wati 88. Pasi ya nguo ya wati 1000, kwenye umeme wetu wa nyumbani wa volti 230, haivuti hata ampia tano. Ndiyo maana fundi aliyezoea redio na rimoti akiishika vepu kwa mkono uleule, kazi humrudia mezani: kifaa kinachemka, mvuke ni hafifu, au kimezima kabisa.

Mara nyingi ubaya uko kwenye kiungo. Chukua kiungo chenye ukinzani wa miliomu 10 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Ampia 20 zikipita hapo, volti 0.2 zinapotea njiani na wati 4 zinageuka joto palepale, ndani ya tone lisilozidi punje ya mtama. Joto linalegeza lehemu, lehemu ikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda joto linazidi. Kwa hiyo kila tone unalotia humu lihesabu kuwa ni kipande cha njia ya umeme, wala si gundi ya kushikiza waya.

Tuanze na pasi ya kulehemia. Ya wati 60 yenye kurekebishwa joto inatosha kazi zote za vepu. Zile za wati 30 zisizo na kipimo zinafaa waya mwembamba tu; ukizipeleka kwenye chuma kizito zinapoa ghafla na wewe unabaki umezikandamiza ukingoja. Na hapa ndipo wengi wanapokosea kuchagua ncha. Wanadhani ncha kali kama sindano ndiyo ya kazi makini. Ncha ya sindano haina akiba ya joto. Kwa waya wa betri na soketi ya tangi (tundu linaloshika tangi la majimaji) tumia ncha ya patasi yenye upana wa milimita 3 hadi 5, na kwa bodi ndogo ile ya milimita 1.5 hadi 2. Joto liwe nyuzi za Selsiasi 320 hadi 350 kwa lehemu yenye madini ya risasi. Kiungo kidogo kimalizike kwa sekunde mbili au tatu. Kikubwa kisizidi tano. Kikikataa ndani ya muda huo, ondoa pasi, acha kipoe, ongeza flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), uanze tena. Kung'ang'ania sekunde ishirini ndiko kunakoyeyusha plastiki na kung'oa padi za bodi, vile vibati vya shaba vya kulehemia.

Ncha isafishwe kwa sponji yenye unyevu mdogo au nyuzi za shaba, kisha ivishwe lehemu mbichi kabla ya kuzima pasi. Usiisugue kwa msasa, tupa wala stilwaya ya masufuria. Juu ya shaba ya ndani kuna ganda jembamba la chuma, na likishatoboka ncha inalika kama jino bovu.

Lehemu yenyewe, ambayo dukani wengi wanaiita risasi, chukua ya bati 63 kwa risasi 37. Inayeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda papo hapo, bila ule muda wa uji uji ambao mkono ukitikisika kidogo kiungo kinapasuka ndani. Isiyo na risasi inahitaji nyuzi 217 na zaidi, na tone lake huwa la kijivu hata likiwa zima, basi usilihukumu kwa mng'ao. Unene wa milimita 0.8 ni wa waya, 0.5 ni wa bodi. Flaksi iwe ya kolofoni, yaani utomvu wa msonobari. Ile dawa ya asidi ya mafundi bati isiguse kabisa kazi ya elektroniki. Inashika upesi, ni kweli, lakini haiishi kula shaba, na kwa hewa yetu ya Tanga kazi hiyo inaifanya kwa kasi.

Hewa ya Tanga ina lake katika ufundi huu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na unyevu wa masika unaileta hadi ndani ya droo. Waya uliokaa wazi mwaka mzima, uwe Raskazone karibu na maji au ndani huko Ngamiani, ukiumenya unaukuta mweusi. Lehemu inauzunguka bila kuushika, kama maji juu ya jani la myugwa. Usihangaike kuukwangua, kata sentimita moja au mbili mpaka ufike shaba nyekundu inayong'aa. Ukikuta weusi umeingia hadi ndani, tafuta waya mwingine. Vipuri weka kwenye chupa ya mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na ukimaliza kulehemu, sugua mabaki ya flaksi kwa mswaki na spiriti, kisha acha kifaa kikauke kabisa. Mabaki yakishika unyevu wa chumvi, utaona ule ukijani ukitambaa miguuni mwa vipuri. Feni nayo isipulize kazi moja kwa moja, maana inapoza tone kabla halijatambaa. Iweke pembeni ivute moshi uende dirishani. Moshi ule ni wa kolofoni, na unaweza kumwamshia mtu pumu.

Waya wa kubeba mkondo uwe wa nyuzi nyingi, wenye ganda la silikoni: milimita mraba 1.5 kwa koili zisizozidi ampia 15, na 2.5 kwa zaidi ya hapo. Waya mmoja mgumu wa nyumba usiutumie. Unakatika shingoni pale lehemu inapoishia. Ganda la plastiki ya kawaida nalo hurudi nyuma likipata moto na kuacha shaba wazi karibu na boksi la chuma.

Sasa betri, na hapa hakuna mjadala: seli ya 18650, ile betri ya lithiamu ya duara, hailehemiwi. Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi, na utando huo unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 130. Pasi yako iko 350. Seli inaweza ikatoka mezani ikiwa nzima kwa macho, shoti ikaja baadaye ikiwa mfukoni mwa mtu. Tumia kishikio cha betri na ulehemu kwenye masikio ya kishikio huku betri imetolewa. Kama ni lazima kuunga moja kwa moja, utepe wa nikeli unachomwa kwa mashine ya kuchomelea nukta nukta kwanza, kisha waya unalehemiwa mwisho wa utepe, mbali na seli. Kumbuka pia kwamba mwili wote wa 18650, kuanzia kitako hadi karibu na kichwa, ni hasi. Ganda lake la plastiki likichanika pale juu, umbali kati ya chanya na hasi ni ile pete nyembamba tu. Ganda jipya ni la bei ndogo, na kubadilisha ni kazi ya dakika moja.

Kwa boksi la kujitengenezea lisilo na bodi ya kudhibiti, wengi wanatumia mosifeti IRLB3034, ambayo ni swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu. Ishike maandishi yakikutazama, miguu ikiwa chini: kushoto ni geti, katikati dreni, kulia sosi. Chanya ya betri inakwenda pini ya kati ya soketi ya tangi. Mwili wa soketi unakwenda dreni. Sosi inakwenda hasi ya betri. Kitufe kinakaa kati ya chanya na geti, hivyo waya wake unaweza kuwa mwembamba. Kisha resista ya kilo-omu 15 inaunganisha geti na sosi. Hiyo resista usiiruke. Bila yake geti inabaki na chaji baada ya kidole kuachia kitufe, na kifaa kinaendelea kuwaka chenyewe.

Kosa jingine linalozaa hali hiyohiyo ni gumu kidogo kulibaini. Kwa mpangilio huu boksi la chuma limeungana na mwili wa soketi, yaani liko upande wa dreni. Waya wa hasi ya betri ukigusa boksi popote, mosifeti imerukwa na koili inawaka bila kitufe. Na lile bati la mgongoni mwa mosifeti nalo ni dreni, kwa hiyo lisiguse masikio ya kishikio. Funika kila mguu kwa mpira wa kusinyaa kabla ya kuubana ndani. Mosifeti ilehemiwe mwisho, na ushike chuma chochote kilichoungana na ardhi kabla ya kuigusa, kwani umeme wa nguo za nailoni unatosha kutoboa geti.

Soketi ya tangi, ile ya 510 yenye nyuzi za skrubu (hesi) za milimita 7, ndiyo inayowashinda wengi. Ikiwa ni chuma kisichoshika kutu, kolofoni haitakusaidia. Tafuta ya shaba iliyopakwa nikeli, au yenye skrubu ya kubana waya. Ya shaba nayo inanyonya joto kama sufuria. Ichomoe kwenye boksi, toa pini na kizuizi cha plastiki kama vinatoka, kwaruza kidogo mahali pa waya, paka flaksi. Pandisha pasi hadi nyuzi 380, weka ncha pana ubapa, ngoja lehemu itambae yenyewe hadi ukingo wake uwe mwembamba. Tone lililosimama kama shanga halijashika. Waya nao uvishe lehemu peke yake kwanza, kisha vikutanishe. Vikiyeyuka pamoja, ondoa pasi na usipumue juu yake mpaka vigande. Hesi za ndani zisiguswe na lehemu wala flaksi. Baadhi ya matangi yanavuta hewa kupitia hapo, na kinachobaki pale kinaweza kuingia kifuani mwa mtu. Ile sehemu safisha mara mbili.

Vepu za dukani zenye betri ya ndani huja zaidi kwa tatizo la tundu la chaji. Kabla ya yote, tenga betri: kata waya mmoja, ufunge tepu, ndipo ukate wa pili. Praizi ikikata zote mbili kwa pamoja, ndiyo imekuwa shoti. Kama majimaji ya vepu yamevujia ndani, vaa glavu. Nikotini inapita kwenye ngozi. Osha bodi kwa spiriti kabla ya kuipasha. Tundu la zamani usilivute. Ongeza lehemu yako ya 63/37 kwenye miguu yake yote ili ichanganyike na ya kiwandani na kuyeyuka mapema, funika plastiki za jirani kwa tepu ya kaptoni isiyoungua, kisha pasha kwa bloa ya hewa moto mpaka tundu licheze lenyewe kwa kuguswa na kibano. Padi ikishang'oka, kwangua rangi ya njia yake na urushe waya mwembamba wa milimita 0.1 hadi 0.2.

Kifaa chenye tundu la USB aina ya C kinachochaji kwa waya wa zamani wa A kwenda C, na kukataa wa C kwenda C, angalia resista mbili za kilo-omu 5.1 zinazotoka kwenye pini za CC1 na CC2, ambazo chaja hutambulia kifaa. Ama hazikuwekwa, ama mguu wa tundu haujashika.

Wapo wanaookota seli ndogo za vepu za kutupa na kuzipa bodi ya chaji ya TP4056. Inawezekana, ila bodi hiyo inakuja imepangwa ampia 1, na seli ya miliampia-saa 500 haitaki zaidi ya nusu ya namba yake, yaani miliampia 250. Tafuta resista iliyoandikwa 122 (kilo-omu 1.2), itoe, weka ya 472 (kilo-omu 4.7). Chaji inashuka hadi karibu miliampia 250. Chukua bodi yenye chipu za ulinzi, ile yenye padi za B na za OUT, na seli iungwe kwenye B.

Kabla ya kutia betri kwa mara ya kwanza, tafuta balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21. Tangi likiwa limetolewa, iunge kwa mfululizo na chanya ya betri. Ikiwaka hafifu bila kitufe, kuna shoti. Toa betri utafute. Ikibaki giza, toa balbu hapo uiweke mahali pa koili, pini ya kati na mwili wa soketi. Ukibonyeza iwake, ukiachia izime papo hapo. Ikichelewa kuzima, rudi kwenye ile resista ya geti. Halafu weka koili halisi, pima volti kwenye betri na kwenye soketi huku umebonyeza. Kwa ampia 8, tofauti ikizidi volti 0.2, pita na mita kiungo kimoja kimoja. Kinachoonyesha volti nyingi kati ya upande na upande ndicho cha kurudia.

Seli iliyovimba au iliyopasuka ganda usiitoboe wala kuitia kwenye takataka za jikoni. Iweke nje, ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, vichwa vyake vimefunikwa tepu. Mchanga uwe wa ujenzi uliokaushwa juani. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikishika unyevu inapitisha umeme.