Jibu: Maji moto ya jua kwa nyumba ya Kira, Uganda

Ndugu, umeuliza kama mtambo wa jua wa lita 200 utawatosha watu watano hapo Kira, au ubaki na hita ya umeme inayokula Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Mimi ningeweka wa jua. Kupasha lita hizo kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni yuniti 9 na ushee za umeme, na hiyo ni siku moja tu.

Ila angalia paa kabla ya bei. Tangi la maji baridi liwe juu kuliko la mtambo, la sivyo maji hayashuki yenyewe. Na usimruhusu fundi ajaze mirija ya kioo ya mtambo saa sita mchana ikiwa mikavu. Maji baridi yakikuta kioo cha moto, kinapasuka. Ajaze alfajiri. Bomba likikauka siku mbili tatu, fanya vivyo hivyo.

Mwelekeo wa mtambo usikusumbue sana, tuko ikweta. Inamisha nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi.

Siku za mawingu utawasha kipashio cha umeme kilichomo tangini. Kiwe na swichi yake, na watoto wasiijue!